Monitrisi wa Nyumba Tatu

Monitrisi alijua kulia msibani kwa namna tatu, na katika miaka yote niliyomjua nilimwona akikosea mara moja tu.

Ilikuwa Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, kwa fundi mmoja wa viatu aliyefiwa na mama yake. Kawaida yake Monitrisi, akifika kwenye nyumba ya watu, alisimama kwanza nje, akamvuta mtu nguo na kumwuliza polepole, "Hapa tuko kwa nani?" Hakuwa anauliza jina. Alitaka kujua ni watu wa desturi gani, ili naye ajue aingie vipi. Siku ile, kwa bahati mbaya, alimwuliza mlevi, na mlevi akamwambia hapa ni kwa Warega, watu wa Mwenga. Basi Monitrisi akakaza kitambaa kiunoni, akainua mikono juu, akaingia akiimba na kulia kwa sauti ya kupasua mabati, akijitupa huku na huku, akimwita marehemu arudi upesi kwa sababu sufuria yake inaungua. Alipofika katikati ya nyumba ndipo akaona wanaume wenye kanzu na kofia, wamekaa kimya kwenye mikeka, msahafu umefunguliwa mbele yao.

Hakukimbia. Alishusha mkono mmoja, kisha wa pili. Akafungua kitambaa kiunoni, akajifunika nacho kichwa, akakaa chini, miguu pembeni, na kusema kwa upole wote, "Salamu alekum. Poleni sana, ndugu zangu." Fundi wa viatu, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi, aliuficha uso ndani ya mikono yake na mabega yakaanza kutikisika. Wengine walidhani analia.

Tulimwita Monitrisi kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alitufundisha sisi wake za makarani, madereva na wapishi pale fwaye, nyumba ndefu ambamo masista wa Kizungu walitaka tujifunze kushona, kupiga pasi, kuogesha watoto na kuweka uma upande wa kushoto wa sahani. Ulikuwa wakati wa Wabelgiji, miaka yao ya mwisho mwisho, ingawa sisi hatukujua kuwa ni ya mwisho. Mimi nilikuwa bibi harusi mgeni. Nilitoka upande wa milima ya Walungu, Mushi, mtu wa kabila la Washi, kwa baba na kwa mama, nikaolewa na karani Mrega, na nilipofika Kadutu nilikuwa na lugha moja na nusu tu. Nyumba yetu na ya Monitrisi ziligawana ukuta. Kwa hiyo nilimjua mara mbili: mchana kwa macho, kama mwalimu, na jioni kwa masikio, kama jirani.

Kwa masikio ndiyo nilianza kuelewa kuwa kulikuwa na wanawake zaidi ya mmoja ndani ya mwanamke yule. Akijigonga kidole, alitukana kwa Kirega. Akihesabu nguo zake, alihesabu kwa Kifaransa, un, deux, trois, kama mtoto aliye mbele ya ubao. Akizungumza na jiko lake lisilotaka kuwaka, alilibembeleza kwa Kimashi, lugha yangu, kwa maneno ya heshima ambayo kwetu huambiwa baba mkwe. Na akitaka kumdanganya mtu, alitumia Kiswahili kizuri cha Sange, chenye "inshallah" nyingi.

Mwenyewe alinieleza mambo haya siku moja tukichambua maharage, bila kunitazama, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Mwanzo alilelewa na bibi yake, koko kwa lugha yao, huko Mwenga, ndani ya msitu, katika nyumba ambayo watu wote walisema kwa wakati mmoja na mtoto alikuwa na haki ya kumkatiza mkubwa ikiwa alichonacho kinachekesha. Hapo akang'oka meno ya kwanza. Kisha akapelekwa Sange, kwenye bonde la Ruzizi, kwa mama yake mdogo aliyekuwa ameolewa na Mwislamu mfanyabiashara wa mchele. Huko akajifunza kunawa kabla ya kila kitu, kushona kwa cherehani, kufunga Ramadhani, na kutosema alichonacho moyoni mpaka mgeni amalize chai. Mama mdogo alipofariki, akapelekwa kwa masista, kwenye misheni ya milimani kwetu, kati ya wasichana wa Kishi. Huko wakamfundisha kutembea bila kusikika.

"Siku ya kwanza kwa masere nililia juu ya mlango," alisema. Masere ndilo jina tulilomwita sista.

"Mulango?"

"Kwa koko hapakukuwa mlango. Kwa mama mudogo palikuwa pazia, unakohoa, unaingia. Kwa masere, unabisha, unangoja. Miye nilibisha, nikaingia. Bakanirudisha inje. Nikabisha, nikakohoa, nikaingia. Bakanirudisha tena. Mwisho nikakaa tu inje mpaka mvua ikaninyeshea, banasema, ah, sasa huyu iko na adabu."

Alicheka peke yake, na akatupa harage zima kati ya yale mabovu.

Ukitaka kumwona vizuri, ulimfuata sokoni Nyawera. Kwa mama wa Kishi aliyeuza viazi alinong'ona, akainama kidogo, akauliza habari za ng'ombe. Kwa Mrega muuza mawese alipiga kelele na kugonga dumu, wakatukanana kwa furaha mpaka wapita njia wakasimama. Kwa muuza mchele wa kutoka Luberizi alivuta pumzi, akamtaja Mungu, akageuka kama anayeondoka, akarudi. Vyote vilikwenda vizuri mpaka siku wale watatu walipopangiwa meza moja. Nilikuwa nimebeba kikapu nyuma yake. Nilimwona amesimama hapo mdomo wazi, kichwa kikigeuka. Mwishowe alimnong'oneza muuza mawese, ambaye alimwuliza kama anaumwa, kisha yeye akampigia kelele mama wa viazi, ambaye alifunika viazi vyake kwa kanga, na muuza mchele akamwapia Mungu kwa niaba yake. Tulirudi nyumbani na vitunguu.

Masista walimpenda na hawakumwelewa. Alikwenda misa kila asubuhi. Lakini kila mwaka, kwa mwezi mzima, tumbo lake lilimwuma na hakuweza kula chakula cha mchana. Masere mkubwa, mwanamke mzee mwenye miwani na moyo mzuri, alimpa dawa ya minyoo, kisha ya homa, kisha mafuta ya nyonyo. Kilichomshangaza ni kwamba ugonjwa ule ulikuwa na mwezi wake, na kila mwaka mwezi ule ulirudi nyuma kidogo. "Ni ugonjwa wa nchi ya joto," aliamua. Waislamu wa Kadutu waliopita mbele ya fwaye wakiwa nao wamekauka midomo hawakusema neno. Nilimwuliza Monitrisi kama haogopi dhambi. Akasema mama yake mdogo ndiye aliyemfundisha kufunga, na mama mdogo amekufa; akiacha, nani mwingine atamkumbuka mwezi ule?

Hakuwa mtu mwepesi, nisimpambe. Alikuwa mkali darasani. Aliwahi kunipigisha pasi shati moja la mtoto mpaka kola ikawa ya kahawia. Alikuwa mchoyo wa chumvi. Na ukimwuliza yeye ni kabila gani, uso wake ulijifunga. Karani wa ofisi alipomwuliza swali hilo ili aandike kwenye buku lake la kitambulisho, alimjibu, "Andika ile yenye herufi kidogo, wino iko bei kali." Karani hakucheka, lakini aliandika.

Mwaka wangu wa pili Kadutu, mama mkwe wangu alishuka kutoka Mwenga kwa kamyo, lori la mbao, na kikapu cha uyoga mkavu na dumu la mawese. Nilimwogopa kabla hajakanyaga chini. Nikampokea kama nilivyofundishwa kwetu: macho chini, sauti chini, sahani ya sombe, majani ya muhogo, mbele yake, kisha mimi mwenyewe jikoni, kula peke yangu, kwa maana kwetu mke hatafuni mbele ya mama mkwe. Nilifanya hivyo siku nne, na kila siku nilizidisha heshima, na kila siku yeye alizidi kununa. Jioni ya nne nikamsikia akimwambia mume wangu, "Bibi yako hanipendi. Anapika, anakimbia. Juu ya nini hakuli na miye? Ameweka nini mu sombe? Hesabu yangu ni moja: ao anioneshe moyo wake, ao weye unarudi na miye Mwenga, nakutafutia bibi mwenye mudomo."

Sikulala. Asubuhi nikabisha kwa Monitrisi, nikangoja, nikaingia nikilia.

"Kumbe njo ile tu?" alisema. "Mama mukwe wako amelelewa kama vile koko yangu alinilea. Kule, mutu anayekupenda anakubishia. Ukimunyamazia, anasema umemuchukia. Ingia, umubishie."

"Nimubishie nini?"

"Kintu chochote. Mwambie uyoga wake iko na muchanga."

Nilikwenda kisimani, nikajaribu maneno yale mara nyingi njiani, nikarudi. Mama mkwe alikuwa ameketi uani. Nikasimama mbele yake, nikamtazama machoni, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mkubwa yeyote maishani mwangu, na kusema, "Mama, uyoga wako iko na muchanga."

Mama mkwe aliunganisha mikono yake. Akainamisha kichwa, akatazama vidole vyake vya miguu. "Njo vile, mutoto wangu," alikubali kwa sauti ndogo.

Nikadhani sijabisha vya kutosha. Nikapandisha sauti. "Na mawese yako ni ya zamani! Inanuka!"

"Njo vile."

"Na… na kikapu chako iko na tundu!"

"Njo vile, mama."

Jasho lilikuwa linanitiririka. Hapo mume wangu akaingia na baiskeli, akamkuta mke wake, ambaye hajawahi kumsikia akimwita kuku kwa nguvu, akipiga kelele. Na mama yake, ambaye sauti yake huvuka mto, akinong'onea vidole vya miguu. Akaangusha baiskeli. "Mungu wangu," alisema, "nani amekufa?"

Mama mkwe alishindwa kuvumilia. Aliruka juu. "Mutoto huyu ananizarau! Na miye niko nanyamaza, niko naangalia chini, kama vile ule bibi wa pale aliniambia!"

"Bibi gani?" nikauliza.

"Wa pale! Wa ukuta! Aliniambia kwenu kunyamaza njo heshima, na miye nikunyamazie, utaona nakupenda!"

"Na miye aliniambia kwenu kubisha njo mapendo!"

Upande wa pili wa ukuta tukasikia kiti kikivutwa, kisha mlango ukifunguliwa taratibu sana, kwa ufundi wa masista, na mtu akiondoka bila kusikika.

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka. Alipiga mapaja yake, akakaa chini, akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Kisha akanyanyua kidole. "Muchanga? Mu uyoga wangu? Weye mutoto wa maziwa, unajua nini juu ya uyoga?" Sasa nilijua la kujibu. Tulibishana mpaka chakula kikaiva, na tukakila kwenye sahani moja. Kweli niliugeuza uso pembeni kila nilipotafuna, nilishindwa kujizuia, naye alijifanya haoni.

Nilipomlaumu Monitrisi, alikasirika yeye. "Nilisahau nimepita kwenu wote wawili," alisema. "Mungejaribu mumoja mumoja, ingefaa."

Seremala alianza kuonekana fwaye msimu ule wa mvua. Alikuwa Mushi wa upande wa Kabare, mtu mzima aliyefiwa na mke, mpole, aliyeitwa kutengeneza benchi moja lililovunjika. Alilitengeneza. Wiki iliyofuata alirudi kutengeneza mabenchi yasiyovunjika. Alipomaliza mabenchi akaanza madirisha. Masere mkubwa alisifu sana bidii yake. Sisi wanawake tulikuwa tunaona macho yake yalipo, na Monitrisi, ambaye mkono wake haukuwahi kutetemeka, alichoma kwa pasi vitambaa viwili vya meza.

Jioni moja nikamsikia seremala mlangoni pake, anasema kwa ile sauti yetu isiyofika mbali. Nilisogeza sikio ukutani.

"Nataka nipeleke mahari. Nipeleke kwa nani?"

"Kwetu," alijibu Monitrisi.

"Kwenu ni wapi?"

Nikasikia mlango ukifungwa. Jioni ile hakukuwa na Kirega, wala Kifaransa, wala kubembeleza jiko. Ukuta ulikuwa ukuta tu. Kesho yake na kesho kutwa vilevile. Kisha akaja kwetu, akakaa, akamwambia mume wangu, "Karani, utume habari. Mwenga kwa mujomba. Sange kwa bwana ya mama mudogo. Masere nitamwambia mwenyewe. Bakuje wote siku moja. Nyumba yangu iko kidogo. Batakaa hapa kwenu."

Walikuja Jumapili, baada ya misa. Mjomba wa Mwenga, mrefu, na sauti kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo. Mzee wa Sange, na kanzu iliyopigwa pasi vizuri kuliko nguo yoyote ya fwaye. Masere mkubwa, mikono ndani ya mikono ya gauni. Na upande wa bwana harusi, seremala pamoja na baba yake mdogo, mzee wa Kishi aliyeegemea fimbo na kusema kwa kunong'ona, kama walivyo wazee wetu wenye heshima. Walileta mbuzi wanne na mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Monitrisi alikuwa jikoni kwangu, hakupaswa kuonekana. Mume wangu alifungua mazungumzo na akaomba aelezwe ni nani wa kupokea.

"Miye!" alisema mjomba. "Meno yake ya kwanza iliangukia kwetu! Nani mwingine hapa anaweza kusema ile?"

"Ndugu yangu, sisi hatugombani," alisema mzee wa Sange. "Lakini kusema na watu, kushona, kujisitiri, yote hayo alijifunzia chini ya paa langu. Mwenyezi Mungu ni shahidi."

"Yeye ni mtoto wa misioni," alisema masere, kwa kile Kiswahili chao kilichonyooka kama rula. "Mimi nilimfundisha kupiga pasi."

Baba mdogo wa seremala akasema kitu. Hakuna aliyesikia.

"Anasema nini?" alipaza sauti mjomba. "Anakataa?"

Mzee wa Kishi, akisikia kelele, aliivuta fimbo yake karibu. Mjomba, akiona fimbo, akasimama. Mzee wa Sange akasimama ili awatulize, akaanza dua ndefu ya amani. Mjomba akadhani anaaga. "Unaenda wapi? Umezarau mbuzi?" Masere akapiga ishara ya msalaba, na baba mdogo wa seremala, akidhani hiyo ni sala ya kufunga kikao, akavaa kofia. Seremala alikuwa rangi ya majivu. Mimi jikoni nilikuwa tayari nalia.

Monitrisi alikuwa amekaa juu ya gunia la makaa, kichwa pembeni, akisikiliza kama mtu asikilizaye redio.

"Mbona hulii?" nilimwuliza.

"Wote wamekubali," alisema. "Hawajui tu."

Akasimama, akajifuta unga mikononi, akatoka nje, bibi harusi mwenyewe, mbele ya wakwe. Kila upande ulishtuka kwa namna yake. Alisimama katikati.

"Mujomba anapiga kelele," alimwambia mzee wa Kishi. "Maana yake anafurahi. Asipopiga kelele, ujue mambo imeharibika." Akamgeukia mjomba. "Huyu muzee ananong'ona sababu anakuheshimu. Amesema hivi: mtoto ni mwenu, yeye anaomba tu. Amesema mara mbili." Akamgeukia baba mdogo tena. "Huyu wa kanzu haendi popote. Anaombea sisi. Kaa, atamaliza. Na masere amefunga mikono sababu anasikia baridi."

Wote walikuwa wakisema Kiswahili tangu asubuhi, na bado ilibidi awatafsirie Kiswahili kwa Kiswahili. Mmoja mmoja wakakaa. Mjomba akamtazama mzee wa Kishi kwa mshangao mkubwa. "Kumbe amesema vizuri vile?" akasema. "Angesema tu!"

Nilidhani yamekwisha. Lakini baba mdogo wa seremala aliinua uso na kwa mara ya kwanza akasema kwa sauti iliyotufikia wote.

"Na weye mwenyewe, mutoto wangu? Weye unasema weye ni wa nani?"

Nilingoja moja ya zile ngebe zake. Hazikuja. Alisimama pale, mikono imening'inia, na nilimwona hajui aiweke wapi.

"Koko alinilea," alisema hatimaye. "Akachoka, mukanituma Sange. Mama mudogo alinilea, akakufa, mukanituma kwa masere. Masere balinilea, bakanituma Bukavu, kazi. Kila fasi nilijifunza mbio mbio. Kula yao, kulia yao, kusalimia yao. Sababu nilijua nikikosea mutanirudisha, na sikujua mutanirudisha wapi." Akawatazama mmoja mmoja. "Hakuna hata mumoja alikuja kuniangalia. Hata siku moja. Leo njo mara ya kwanza munakuja, wote, na munanigombania. Basi muniache kidogo. Muendelee kugombana. Nisikie utamu yake."

Kisha akalia. Mimi niliyejua vilio vyake vyote sikukitambua kile. Kilikuwa kibaya, kifupi kifupi, chenye kamasi, hakikuwa na adabu ya mahali popote.

Mjomba alikaa chini polepole. Alisema, na sauti yake sasa haikufika hata mlangoni, "Mwaka ule tulikuwa na njaa, mutoto. Hatukukutuma sababu hatukukupenda." Mzee wa Sange alitazama viganja vyake. Alisema mkewe alipokufa yeye mwenyewe hakujua kupika hata chai, sembuse kulea msichana, na kwamba kila mwaka alijiambia atapanda milimani kumwona. Masere alikuwa ameelewa nusu, akamwomba mume wangu amweleze kwa Kifaransa. Alipoelezwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Mahari haikwenda kwa mtu. Mjomba ndiye aliyeamua, kwa kelele, kwa hiyo tulijua amefurahi: mbuzi wataliwa hapo hapo na wote, na atakayetaka kudai baadaye adai kwenye tumbo lake mwenyewe. Mzee wa Sange akachinja, ili naye aweze kula. Mjomba akataka kugawa nyama kama kwao, kila kiungo na mtu wake, ukazuka ugomvi wa maini uliodumu kuliko mazungumzo yote ya ndoa. Masere akapewa kikombe cha kasiksi na kuambiwa ni maji ya ndizi. Akakisifu sana. Akaomba kingine. Jioni alirudi kwa masista wenzake akiimba, seremala akimshika mkono upande mmoja na mzee wa Kishi upande wa pili, na nadhani ndiyo siku pekee nilipomsikia yule mzee akicheka kwa sauti.

Baada ya ndoa seremala alipata kazi kule bondeni, Sange, kujenga maghala ya mpunga, wakahama Bukavu. Wapangaji wapya wa upande wa pili wa ukuta walikuwa watu wema waliosema lugha moja tu. Nyumba ikawa kimya, nikaanza kuzungumza na jiko langu.

Nilimwona tena mwaka ambao uhuru ulikuwa mlangoni. Tulikuwa tunashuka Uvira kwa kamyo, mimi na mume wangu, na magurudumu yakapasuka Sange. Dereva akasema tungoje; mume wangu akabaki na mizigo. Kila mahali palikuwa na vijana wenye kadi za vyama, wakiwauliza wasafiri ni watu wa wapi, na wengine hawakuuliza kwa uzuri. Nikaulizia kwa seremala, nikaoneshwa nyumba ya matofali mabichi kando ya njia ya maji ya mashamba.

Alikuwa amenenepa. Alikuwa ameinama jikoni, uani, akiwapigia kelele kuku. Alipiga mayowe kuniona, akanikumbatia, akanipima kitambaa nilichovaa na kuniambia nimeshonewa vibaya. Seremala alitoka akanisalimia, akarudi kwenye randa yake. Na palikuwa na mtoto, msichana wa miaka miwili hivi, mwenye mashavu ya baba mdogo wa seremala.

Mtoto yule hakutulia. Nikiwa nimekaa alitoka, akaingia nyumba ya jirani bila kukohoa wala kubisha, akatoka na kipande cha samaki mkononi. Akaingia nyumba nyingine, nikasikia watu wanacheka, akatoka na maji ya mchele usoni. Mmoja wa wale vijana wa kadi alikuwa anapita; mtoto akamshika suruali, akamwonesha samaki, na kijana akasahau alikuwa anakwenda wapi, akachuchumaa.

"Humukatazi?" nilimwuliza Monitrisi. "Anaingia kwa batu kama kwake."

"Nimukataze nini?" alisema. "Nilijaribu. Nilimwambia, hapa unabisha, kule unakohoa, kwa wale unasimama inje. Aliniangalia tu. Anazani yote ni kwabo."

"Na wenyewe banasema nini?"

"Banasema ni kwabo." Alisimama akimtazama, mwiko mkononi. "Miye njo nilikuwa nabisha. Miaka yote ile, nabisha miye tu."

Honi ya kamyo ikapigwa barabarani. Nikasimama, nikajifunga vizuri, nikamngoja, kwa maana kwetu mgeni husindikizwa, na kwa bibi yake Mwenga husindikizwa, na Sange pia, na masista wenyewe hukufikisha getini. Monitrisi alipiga hatua mbili pamoja nami, kisha akanusa.

"Maharage yangu!" alisema. "Nenda, nenda tu, unajua njia. Inaungua!" Akageuka akakimbia, nguo imeshikwa mkononi, na kabla sijafika barabarani nikamsikia anamfokea mumewe kwa sababu hakuangalia moto.

Nikarudi kwenye kamyo peke yangu. Mume wangu akauliza kama nilimkuta, na kwa nini hakuja kunisindikiza. Nikamwambia, "Nilimkuta. Iko nyumbani."